Tupeane uzoefu: matembezi ya kuzunguka msitu unaobadilika njiani

Mwanzilishi wa mada

Wanajamvi, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa matembezi ya aina moja tu: yale ambayo mtu huanzia mahali fulani, akaupita msitu kwa miguu kwa njia ya mduara, na akarejea pale pale alipoanzia bila kuzikanyaga tena nyayo zake. Sharti la pili ni kwamba msitu wenyewe uwe unabadilika njiani, yaani miti ya mwanzo isiwe ile ya katikati wala ya mwisho. Nimechoshwa kidogo na simulizi za kupanda milima, kwa kuwa karibu zote huishia kileleni na picha ya bango. Mzunguko wa msituni hauna kilele, kwa hiyo msimulizi analazimika kueleza alichokiona. Tajeni mahali, mabadiliko mliyoyaona, na sababu yake kama mnaijua. Viingilio hubadilika kila mara, hivyo tusijaze ukurasa kwa bei.

Mwenyeji wa Gede

Nimekulia jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, na kazi ya kuongoza wageni ndiyo inayonisomeshea watoto, kwa hiyo naomba mniwie radhi nikirefusha. Msitu huu una takriban kilomita za mraba 420, nao ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Wageni wengi huja wakitazama juu. Mimi huwaomba watazame chini kwanza, kwa sababu huku mchanga ndio unaoamua ni mti gani usimame wapi.

Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu ya kwenda Malindi, mchanga ni wa kijivu na mvua ni nyingi kuliko upande wa bara. Hapo miti imechanganyika, mbambakofi ukiwa miongoni mwao, na mitambaazi imefungamana juu kiasi kwamba jua hufika ardhini kwa vipande. Ukielekea ndani unaingia kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo mrihi umetawala: miti imeachana, mwanga ni mwingi, na mtu huona mbali hadi akadhani ametoka msituni. Magharibi zaidi mchanga unakuwa mwekundu, mvua inapungua, na unakutana na kichaka cha miti ya Cynometra, mifupi na iliyosongamana, ambacho mtu hakipenyi ila kwa njia iliyokwisha kufyekwa. Rangi ya vumbi kwenye viatu hukueleza uko katika msitu upi kabla hujainua macho.

Kwa miguu peke yake, mzunguko unaogusa aina zote tatu ni mrefu mno kwa mtu wa kawaida. Sisi huingia kwa gari hadi ndani, tukashuka na kutembea mduara unaovuka kutoka mchanga mwekundu hadi mweupe, kisha tukarudi kumalizia mduara mwingine mfupi katika msitu mchanganyiko ulio karibu na kituo cha misitu cha Gede. Katika kichaka cha Cynometra ndimo anamolala mchana bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hata akinyooka ni kama sentimita 16 tu. Wapo wa kijivu na wapo wa rangi ya kutu, na mara nyingi huwakuta wawili wamebanana kwenye tawi moja, chini kuliko mtu anavyotarajia. Katika msitu mchanganyiko, asubuhi mapema, simama kimya na usikilize majani makavu. Sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu hupekua majani hayo kwa pua yake ndefu akitafuta wadudu, na akishtuka huyapiga kwa mkia kabla ya kutimka, hivi kwamba mgeni husikia kishindo kwanza na kuona ile rangi ya dhahabu ikipotelea kichakani baadaye. Tembo nao wapo, ndiyo maana hatumruhusu mtu kuzunguka bila mwongozaji.

Mtembezi wa Kiambu Road

Mimi natoa mfano wa karibu na mjini, nao ni Karura, Nairobi, msitu wa takriban hekta 1,000. Makutano ya njia zake yamewekewa namba, kwa hiyo mtu huupanga mzunguko wake mwenyewe kwa ramani, akapitia maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau na kurudi langoni. Mabadiliko yapo, ila sababu yake ni mkono wa mtu: unatoka kwenye mikaratusi iliyopandwa kwa mistari na kuingia kwenye miti ya asili kama mihugu, na katikati yake kuna sehemu ambako mikaratusi imeondolewa na miche ya asili imepandwa. Tusisahau kwamba Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa katika msitu huu walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji wa ardhi yake. Bila watu wale, leo tungekuwa tunazunguka nyumba.

Mwanzilishi wa mada

Nilitaka kusema kwamba mikaratusi ya mistari haihesabiki kuwa mabadiliko ya msitu, lakini naona hoja yako inasimama. Karibuni wengine.

Bi wa Kusini Unguja

Mwenyeji wa Gede ametuambia tutazame mchanga. Kwetu Jozani unatazama maji. Ndani ya msitu wenyewe maji ya ardhini yako juu sana, na masika yakikolea hutuama kwenye mashina, ndiyo sababu utaona miti mirefu, michikichi na mikangaga mahali ambapo hatua chache kutoka hapo ni maweni makavu. Hifadhi yote imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, na wengi hutosheka na njia ya msituni na kima punju walio ng'ambo ya barabara, wakapiga picha na kuondoka. Hao kima nawapenda, hasa nikiwaona wale wanaoishi kando ya mashamba wakiokota mabaki ya mkaa na kuyatafuna. Watafiti wanaeleza kwamba mkaa huwapunguzia makali ya sumu iliyomo katika majani ya mikungu na miembe wanayokula.

Lakini mzunguko ninaousifu ni ule wa Pete, ulio karibu na hapo. Unaanzia penye mkwaju mkubwa, unapita kichaka cha maweni ambako mizizi imejipenyeza kwenye nyufa za mawe, kisha unapanda daraja la mbao linalokuingiza katika mikoko na kukurudisha upande wa pili. Tofauti ya mti na mti hapo huisomi kwenye majani, ambayo kwa mgeni yanafanana, bali kwenye mizizi. Mkoko umejitegemeza kwa mizizi ya tao inayotoka juu ya shina, ilhali mchu umechomoza kutoka kwenye tope mizizi midogo iliyosimama wima, mamia kwa mamia, ili uvute hewa maji yakipwa. Maji yakijaa mizizi hiyo yote inazama, na unabaki kutazama samaki wadogo wakipita walipokuwa kaa.

Mpwani aliyeko London

Nafuata uzi kutoka ng'ambo. Waingereza wana mapenzi makubwa na matembezi ya mduara, na mimi nimeyazoea Epping Forest, kaskazini mashariki mwa London, ambako ukishuka treni Loughton unafika msituni kwa mwendo mfupi. Huko pia ardhi ndiyo inayosema. Juu ya matuta yenye kokoto imesimama miti ya Fagus, yenye gome laini la kijivu na kivuli kizito kiasi kwamba chini yake huoni karibu chochote isipokuwa majani makavu. Ukiteremka kwenye udongo wa mfinyanzi unakuta Carpinus na mialoni.

Kilichonishangaza ni umbo la miti mikongwe, ambayo shina lake moja nene hugawanyika juu ya kimo cha mtu na kuwa mashina mengi. Wanakijiji walikuwa na haki ya kukata kuni huko, nao walikata juu ili ng'ombe na paa wasiyafikie machipukizi. Sheria ya 1878 iliunusuru msitu usizungushiwe uzio na wenye mashamba, lakini pia ilikomesha ukataji huo, na yale matawi yaliyoachwa tangu hapo yamekuwa mazito kama miti kamili.

Mwalimu wa Muheza

Amani, katika Usambara Mashariki, inajumlisha sababu zote mlizozitaja. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti hapo mwaka 1902 na kupanda miti ya majaribio kutoka mabara mbalimbali, ikiwemo ile ya kwinini, kwa hiyo mtu anayezunguka kutoka kituoni hupita vitalu vya ugenini kabla ya kuingia msitu wa asili, akatokea ukingoni mwa mashamba ya chai na kurudi. Kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito tafuteni Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima inalipanda kwenye vyungu. Mti wa kutazamwa kwa tahadhari ni musizi, ulioletwa kutoka upande wa Ziwa Viktoria: hukua haraka palipo wazi, na hondohondo humeza matunda yake na kutawanya mbegu, hivyo palipowahi kukatwa mbao mnaukuta umeshika nafasi ya miti ya wenyeji.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru. Swali langu moja: mzunguko una pande mbili za kuuanza. Ninyi mnaanzia wapi, na kwa nini?

Mwenyeji wa Gede

Sisi huanza mbali, penye mchanga mwekundu na mrihi, kwa sababu ndege wa kwenye mrihi huchangamka asubuhi na kivuli huko ni haba. Jua likipanda tuwe tumeshaufikia msitu mchanganyiko. Anayemtaka sange zaidi ya ndege, ageuze.

Bi wa Kusini Unguja

Pete haina upande, ina saa. Ulizeni maji kwanza: siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa na mtaona yote mawili mkikaa nusu siku, lakini siku za maji mafu msitarajie hayo.

Mwalimu wa Muheza

Amani anzeni na sehemu ya mbali, kwa maana mchana ukungu hushuka na mvua hainyeshi kwa kubisha hodi. Sehemu ya chai iwe ya mwisho. Hapo njia ni pana na hata utelezi ukiwakuta hampotei.