Mjadala: Kosa la kwanza la mfanyabiashara, afunzwe au atozwe faini?

Fundi cherehani, Kariobangi (mtoa hoja):
Hoja yangu: mwenye biashara ndogo hapa Nairobi asitozwe faini ya kosa la kwanza kabla hajaelezwa kwa maandishi, kwa Kiswahili, alichotakiwa kufanya. Chukua duka lenye wafanyakazi watatu. Kaunti inataka leseni. KRA, mamlaka ya mapato, inataka risiti za eTIMS, mfumo wake wa risiti za kielektroniki. Mfanyakazi anakatwa ushuru wa nyumba asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Halafu SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, halafu NSSF ya akiba ya uzeeni. Sipingi hata moja. Ninachopinga ni kwamba anayekuja kunieleza ndiye huyo huyo aliyeshika kitabu cha faini. Nani atamuuliza kanjo, askari wa kaunti, swali, ilhali swali lenyewe linaonyesha hana leseni?

Mhasibu, Ngara:
Fundi, heshima yako, lakini kila mtu atakuwa na kosa la kwanza kila mwaka. Duka litafungwa kwa jina la bwana lifunguliwe kwa jina la mke. Na hiyo eTIMS haikuja usiku: tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti yake haikubaliki kwenye hesabu ya kodi. Ukinunua kitambaa Eastleigh bila risiti, unaumia wewe uliyenunua. Ukipiga *222# kwa simu ya kawaida, unapata huduma. Mwataka mwelezwe vipi tena?

Mama mboga, Muthurwa:
Hiyo *222# nilifunguliwa na kijana wa saiba, duka la intaneti. Paswadi yangu ya KRA anayo yeye. Nikitaka kujua nadaiwa nini, nangoja afungue, na namlipa.

Mpishi wa hoteli, Embakasi:
Mimi naogopa huruma ya aina hii. Gesi ilipolipuka hapa Februari 2024, EPRA, mamlaka ya nishati, ilisema ilikuwa imekataa maombi matatu ya kibali cha ujenzi wa kituo hicho mwaka 2023. Hapo hakuna mtu aliyekosa maelezo. Mtu wa namna hiyo mngempa barua ya Kiswahili?

Fundi cherehani:
Hapana, Mpishi. Moto, gesi, chakula na majengo viondolewe kabisa kwenye hoja yangu, nilipaswa kuanza na hapo. Mimi nasema juu ya karatasi, ritani na data.

Data ndiyo inayonikosesha usingizi. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ya Uthiru 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Uamuzi wa shule ile siulalamikii. Lakini mafundi wengi tunauza kwa picha: mteja amevaa suti, ametabasamu, tayari iko Facebook. Sheria ya kulinda data ni ya 2019. Sijaona ofisa akipita Kariobangi na karatasi moja inayosema mwombe mteja idhini, na hivi ndivyo inavyoandikwa.

Kaunti yenyewe imeonyesha inawezekana. Ada za biashara, zimamoto, afya na matangazo zilikuwa mbali mbali, 2023 zikaingizwa kwenye leseni moja. Kulipa kulirahisishwa haraka sana! Maelezo nayo yangeunganishwa vivyo hivyo, kwenye meza moja Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na anayeketi hapo asiwe na mamlaka ya kutoza.

Kuhusu ujanja wa bwana na mke, onyo liandikwe kwenye PIN, namba ya kodi ya mtu, si kwenye jina la duka. Na bwana na mke wanaouza duka lile lile wahesabiwe kitu kimoja.

Mhasibu, Ngara:
PIN nakubali. Meza yako bado. Nani atawalipa hao, kaunti au KRA? Maana kila mmoja ana rekodi zake. Mkisema vijana wa saiba wafunzwe, wapewe kibali na wawajibike kwa ritani wanazojaza, nitaunga mkono leo, kwa sababu Mama ameshatueleza watu wanakwenda wapi. Mkisema ofisi mpya, mimi napinga.

Mama mboga, Muthurwa:
Na paswadi zetu waturudishie kabla ya hicho kibali.