MJADALA: Keria kwenye Noah za familia zipigwe marufuku, au ziandikiwe kilo?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Desemba inakaribia na mafundi wa kuchomelea wameanza kupokea oda za keria, yale machuma ya kufungia mizigo juu ya paa la gari. Kwenye kundi letu la watu wa Njombe tunaoishi Dar, ndugu mmoja ametoa hoja kwamba keria zipigwe marufuku kwenye magari yote ya familia: Noah, Voxy, Alphard, hata Hiace za nyumbani. Anasema mzigo uende kwa basi au lori, gari la watu libebe watu. Wapo waliomuunga mkono na wapo waliomjia juu. Nimeona niilete hapa tuijadili kwa upana.

Msimamo wangu: keria isipigwe marufuku, lakini isifungwe kwenye gari lolote bila kuandikwa kilo zake, na trafiki awe na nguvu ya kumshushisha mtu mzigo uliozidi palepale barabarani.

Naanza na hesabu ambayo wenye Noah wengi hawajawahi kuiona. Magari haya tunayonunua yametumika Japani na yaliandikishwa kwa sheria za kule. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa kwa gari la abiria kwenye karatasi za Kijapani hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila mtu. Noah ya watu 8 inapewa kilo 440 za watu, basi. Sasa pakia watu wazima 8 wa kilo 70 kila mmoja: umefika 560 na hujaweka hata begi. Sisemi gari litakatika katikati, maana mtengenezaji huacha akiba. Ninachosema ni kwamba akiba hiyo tumeshaila kabla hatujatoka getini, halafu ndipo tunapanda juu kufunga mzigo.

Paa nalo lina kikomo chake. Kwa magari mengi ya aina hii kitabu cha gari kinataja kati ya kilo 50 na 100, na humo keria yenyewe inahesabiwa.

Safari ya kwenda haina shida sana. Tunapanda na nguo, sabuni, zawadi za bibi. Shida ni kurudi, kwa sababu wazee hawakubali uondoke mikono mitupu. Viazi, maharage, mahindi, maparachichi. Gunia la viazi lililojazwa lumbesa, yaani hadi kupita mdomo wake, linapita kilo 100, na mtu anaweka mawili juu, anaaga, anaondoka, halafu anaenda kushuka mlima Kitonga wenye kona kali. Chukua gari la tani 2 ambalo kitovu cha uzito wake, yaani pale uzito wote unapokuwa kama umekusanyika, kiko kama sentimita 70 kutoka chini. Ukiliwekea kilo 150 kwenye kimo cha mita 2 na kitu, kitovu kile kinapanda karibu sentimita 10. Kwa gari ambalo tairi za kushoto na za kulia zimeachana mita moja na nusu tu, hizo ni nyingi. Kona uliyoikata vizuri wakati wa kwenda inaweza kukulaza ubavu wakati wa kurudi, kwa mwendo uleule.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Mama Watatu

Kaka, nimekusoma hadi mwisho na hesabu zako nimezielewa. Ila mimi niko na yule ndugu yako wa kwenye kundi. Zipigwe marufuku.

Nakuambia nilichokiona, tukitoka Chalinze kwenda Morogoro. Mbele yetu kulikuwa na Hiace ya familia, watoto wanatupungia mikono kupitia kioo cha nyuma. Turubai la juu likaanza kupigapiga, kwanza ncha moja, halafu upande mzima. Mume wangu akawasha taa, akapiga honi, dereva akadhani tunataka kupita, akasogea pembeni kwa heshima kabisa. Kwenye kule kusogea gunia likateleza, likaning'inia kidogo ubavuni, likadondoka. Bodaboda aliyekuwa anakuja na abiria aliingia kwenye majani. Wakapona. Tuliposimama wote, yule baba alikuwa ameshika kipande cha kamba ya manila mkononi, anatuonyesha fundo: fundo lilikuwa zima. Kamba ilikuwa imekatwa katikati, pale ilipopita juu ya chuma cha keria.

Sasa niambie, kibao chako chenye kilo kingemsaidia nini yule bodaboda? Trafiki hana mizani mkononi. Atasoma "kilo 60" kwenye keria, ataangalia turubai, atajuaje ndani kuna 60 au 160? Ukipiga marufuku, anaona kwa macho na kazi imekwisha.

Fundi wa Gerezani

Naomba niingie kwa sababu hizi keria tunazitengeneza sisi.

Dada, kamba uliyoiona imekatwa, hapo kosa ni la fundi. Bomba la chuma la mraba lisipopigwa msasa kwenye kona lina makali. Manila ikikaza juu yake na gari likitikisika safari nzima, inasagika taratibu na huwezi kuona mpaka iachie. Bomba la duara haliikati kamba hivyo. Mteja akitaka la mraba, ninafunika sehemu za kufungia kwa mpira wa tairi. Gharama yake ni ndogo sana, ila lazima uikumbuke.

Mtoa mada amegusa jambo la uzito wa keria, naliongezea nyama. Mteja anakuja anasema, "Fundi, nitengenezee ngumu kama za Land Cruiser za watalii." Naweka bomba nene, wavu chini, ukingo pande nne. Ikikamilika, tunainyanyua wawili na bado tunahema. Keria ya namna hiyo inafika kilo 40 bila shida. Kama paa lake linabeba 75, amebakiwa na 35, yaani begi moja kubwa na kidogo. Analipia ugumu ambao unamnyima mzigo wenyewe.

Halafu miguu. Hiace za zamani zina mfereji wa maji pande mbili za paa, mguu unakaa pale na uzito unashuka kwenye nguzo za bodi. Noah nyingi hazina mfereji huo. Fundi mwenye haraka anakalisha mguu juu ya bati tupu, katikati ya nguzo na nguzo, au anatoboa na kufunga nati. Bati linabonyea, rangi inachubuka, masika maji yanaingia, unaanza kuona doa la kahawia kwenye kitambaa cha dari. Mguu lazima ukae usawa wa nguzo, na uwe na klempu ya kushika ukingo wa mlango au reli iliyotoka kiwandani. Kama gari halina pa kushikia, mimi huwa namwambia mwenye gari aende nyumbani.

Kuhusu kibao cha kilo, nakubali, ila namba isitoke kwangu. Mimi sina kipimo cha kujua paa la Voxy linabeba kiasi gani. Namba itoke kwenye kitabu cha gari, utoe uzito wa keria, kinachobaki ndicho kiandikwe.

Dereva wa Kaskazini

Wakuu, mnajadili juu tu, njooni na ndani. Noah tunaendesha sana huku Arusha na Moshi na ninajua kitakachotokea siku mkizuia keria. Mzigo hautabaki nyumbani. Utaingia ndani. Siti za nyuma zitakunjwa ubavuni, mabegi yatapangwa mpaka darini, watoto watatu watakaa kwenye siti ya wawili na mmoja atapakatwa.

Gari lililo kwenye 50 likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kila kilicho huru ndani kinakwenda mbele kwa nguvu ya karibu mara 14 ya uzito wake. Ndoo ya mafuta ya alizeti ya lita 20 inakuja na nguvu inayokaribia robo tani, na mbele yake kuna kichwa cha mtoto. Kati ya ndoo hiyo juu ya paa langu na ndoo hiyo nyuma ya mwanangu, sitaki yoyote. Ila begi la nguo nitaliweka juu, ndoo nitaiweka sakafuni nyuma ya siti ya mbele, imebanwa.

Na kwenye mizani ya barabarani msitegemee msaada. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Noah inapita pembeni bila kuulizwa.

Mdau wa Hamburg

Huku Ujerumani keria zimejaa na hakuna anayefikiria kuzizuia. Sheria ya barabarani inataka mzigo ufungwe kiasi kwamba hata ukifunga breki za ghafla au ukikwepa kitu, usiteleze, usipinduke, usidondoke. Polisi akikusimamisha anausukuma. Ukihama, una kosa, uwe umebeba kilo 10 au 100.

Mkanda unaovuka juu ya mzigo peke yake unazuia mzigo usiruke, hauzuii usiteleze mbele. Ukifunga breki, mzigo wote unataka kuendelea na safari. Ndiyo maana wa huku tunafunga na mwingine kutoka nyuma kwenda mbele, kisha tunasimama baada ya kilomita chache kukaza upya, kwa kuwa mzigo unakaa na mikanda inalegea. Na mwendo: ukitoka 80 kwenda 100, nguvu ya upepo inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Keria iliyotulia kwenye 80 inaweza kuanza kulia kwenye 100. Ikilia, punguza.

Mtoa mada

Nawashukuru wote. Mama Watatu, swali lako la trafiki kukosa mizani ni zito na nimelifikiria tangu jana. Naona njia inayotumia macho bila kuua keria: sheria itaje vitu. Gunia la nafaka au viazi, dumu la mafuta, mfuko wa saruji, mtungi wa gesi, visipande juu ya gari la familia, nukta. Trafiki hahitaji mizani kulitambua gunia, hata chini ya turubai umbo lake linajulikana. Juu yaende mabegi ya nguo, magodoro na vyombo vya plastiki. Kibao cha kilo kibaki kama alivyosema Fundi, namba kutoka kitabuni. Na trafiki asukume mzigo kama wanavyofanya kwa Mdau. Hilo halina gharama yoyote.

Magunia ya wazee yaende kwa lori au basi. Nauli yake ipo, najua, na kwa familia nyingi Januari hiyo pesa ni ya ada. Ndipo inabidi tuwaambie wazee mapema: debe moja linatosha, mengine tutatuma mtu.

Mama Watatu

Hapo kwenye gunia tumekutana. Nitakuunga mkono kwa sharti moja: trafiki akimaliza kusukuma mzigo wa juu, afungue mlango wa nyuma. Ahesabu watoto na mikanda. Akikuta mtoto amekaa juu ya begi, gari lisiondoke mpaka ashushwe mtu au mzigo. Bila hilo, gunia mlilolitoa darini mtanikuta nalo miguuni mwa wanangu.

Dereva wa Kaskazini

Sharti la dada liingie kama lilivyo. Ila mtoa mada, toa godoro kwenye orodha yako. Jepesi ni kweli, lakini upepo ukiingia chini ya ncha ya mbele linakuwa tanga la jahazi. Nimeona likiinua keria pamoja na miguu yake, barabara ya Same kwenda Mwanga. Godoro liende kwa lori pamoja na viazi, au likunjwe, lifungwe kwa kubanwa, liingie ndani.

Fundi wa Gerezani

Naunga mkono la godoro. Keria tunazorudishiwa baada ya sikukuu zikiwa zimepinda miguu ya mbele, ukiuliza kilichobebwa, mara nyingi ni hilo.