Anayeandaa malipo ndiye anayesuluhisha benki: nianzie wapi?

Msimamizi, Nachingwea
Ndugu zangu, nimepewa jukumu la kusimamia kitengo cha fedha katika taasisi ya umma hapa Lindi. Nimekuta mhasibu mmoja anaandaa hati za malipo, anaziidhinisha kwa nywila ya mkuu wake aliye safarini, na mwezi ukiisha yeye huyo huyo ndiye anayefanya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki. Sijabaini upotevu wowote, lakini hali hii inanikosesha usingizi. Nianzie wapi?

Mhasibu mstaafu, Mikindani
Anzia kwenye nywila, tena leo. Mfumo wa MUSE, yaani mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali, unamtenganisha mwandaaji wa malipo na mwidhinishaji. Nywila ikishakabidhiwa mtu mwingine, kinga hiyo imekufa, na siku fedha ikiibwa kumbukumbu za mfumo zitamtaja mkuu aliyekuwa safarini. Akisafiri, akaimishe madaraka kwa maandishi. Usuluhishi wa benki nao mpe mtu asiyegusa malipo kabisa, hata kama utamwazima kutoka idara nyingine, na taarifa ya benki aichukue mwenyewe, isipitie kwanza mezani kwa mwandaaji. Chunguza hasa miamala inayobebwa mwezi hadi mwezi bila maelezo, kwa sababu huko ndiko wizi hufichwa.

Mtendaji, Tandahimba
Usisahau mapato. Korosho huuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huiweka ghalani na kupewa stakabadhi hadi iuzwe, lakini ushuru wa masoko bado hupita mikononi mwa wakusanyaji, na hapo ndipo fedha mbichi hutumika kabla ya kufika benki. Kila asubuhi jumla ya mashine ya POS, ile ya mkononi ya kukusanyia ushuru, ilinganishwe na stakabadhi ya benki, na mashine iliyozimwa iulizwe siku hiyo hiyo.

Mkaguzi wa ndani, Mtwara
Nakubaliana na wenzangu, ila tusimtazame mhasibu mdogo peke yake. Hoja nyingi za ukaguzi nilizokutana nazo zilianza na agizo la mdomo kutoka juu: "Lipa kwanza, viambatisho vitafuata." Mhasibu aombe agizo hilo kwa maandishi, na asiidhinishe masurufu mapya (fedha za kutangulizwa kwa safari au kazi) kwa mtu ambaye hajarejesha ya awali, awe na cheo gani. Akitishwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ipo kwa ajili yake.

Msimamizi, Nachingwea
Nashukuru sana, wakuu. Nywila zote zinabadilishwa leo, na barua ya kukaimisha naiandika sasa hivi.