Baraka kapangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa)

*Kikundi: UKOO WA BABU, MUSOMA*

Shangazi: Jua limezama, sasa naweza kushika simu. Baraka, nasikia umepangiwa JKT kwa mujibu wa sheria. Huko si bunduki tupu? Na Sabato yako je?

Baraka: Shikamoo shangazi. Hata sijaripoti bado 😂

Shangazi: Marahaba. Sitanii lakini.

Baba Mdogo: Dada, Msabato mwenzako, Mmarekani Desmond Doss, alienda mpaka vitani Okinawa kule Japani, Vita Kuu ya Pili, na bunduki hakubeba.

Neema: Si ndo wale wa kukwepa vita kwa kisingizio cha dini?

Baba Mdogo: Akwepe wapi! Alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha meli kule Virginia, angeomba asiitwe wangemwacha. Akaingia jeshini Aprili 1942, kitengo cha tiba. Kasema yeye atatibu, kuua hapana.

Baba Mdogo: Kambini walimtesa. Akipiga magoti kusali, anarushiwa viatu. Wakubwa wakataka kumtoa kwa madai kwamba akili yake haiko sawa, akagoma kutoka.

Shangazi: Na Sabato?

Baba Mdogo: Hapo sasa. Tarehe 5 Mei 1945 ilikuwa Jumamosi. Wamepanda juu ya mwamba, Wajapani wakawarudisha chini, majeruhi wakabaki juu. Doss akabaki nao. Anamfunga mtu kamba, kila mguu na kitanzi chake, nyingine kifuani, anamshusha polepole. Kisha anamfuata mwingine, huku anaomba, "Bwana, nisaidie nimpate mmoja zaidi."

Shangazi: Kuokoa mtu ni halali Sabato. Bwana Yesu mwenyewe aliponya.

Neema: Wangapi?

Baba Mdogo: Yeye alisema hawazidi 50. Wakubwa wakasema 100. Wakaandika 75.

Neema: Bei ya mnadani hiyo 😂😂

Baba Mdogo: Cheka tu. Wiki mbili baadaye guruneti likamchana miguu. Yuko kwenye machela, akaona mwenzake kaumia zaidi, akateremka akasema mchukueni huyo. Anasubiri, risasi ikamvunja mkono. Unajua alifanyaje? Akachukua kitako cha bunduki, akakifunga mkononi kama banzi, akatambaa mpaka kituo cha tiba.

Baraka: Kumbe bunduki aliigusa mwishoni 😅

Baba Mdogo: Kwa matibabu, wewe! Na Biblia aliyopewa na mkewe ilidondoka huko huko vitani. Wenzake wakarudi kuitafuta hadi wakaipata. Nadhani hiyo inazidi hata nishani.

Neema: Nishani gani?

Baba Mdogo: Ile ya juu kabisa Marekani. Rais Truman alimvisha Oktoba 1945. Ila vita ilimwachia kifua kikuu, pafu moja likaondolewa. Kafa 2006.

Shangazi: Maskini. Baraka, umesikia? Ukifika kambini sema mapema wewe ni Msabato, usingoje Ijumaa jioni.

Baraka: Sawa shangazi.

Shangazi: Biblia ndogo nakununulia mimi. Bukta ya bluu na raba mwambie baba yako.

Baraka: Na nauli? 🙏

Shangazi: Baba yako mdogo yuko hapo, si ndiye mwenye maneno leo.

Baba Mdogo: Mtandao unasumbua huku jamani.