Yupo sensa ya 1880 Ohio, kabla ya hapo simwoni: wazazi wake nitawapataje?

MamaNeema: Wakuu, habari zenu. Naandika nasaba ya ukoo wa mume wangu, Mmarekani. Babu wa babu yake yumo kwenye sensa ya 1880, Ohio: mkulima, miaka 42, kazaliwa Pennsylvania. Alipigana upande wa Muungano (majimbo ya Kaskazini) katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Cheti cha kuzaliwa hakipatikani, na sensa ya 1850 ina vijana watatu wenye jina lake. Nianzie wapi?

Karani: Cheti hicho acha kukitafuta, dada. Pennsylvania ilianza usajili wa kudumu wa jimbo zima mwaka 1906. Anzia kifo chake. Akiwa alifia Ohio baada ya tarehe 20 Desemba 1908, kuna cheti cha jimbo chenye nafasi ya majina ya baba na mama. Kabla ya hapo, kuanzia 1867, vifo viliandikwa kwenye mahakama ya mirathi ya kaunti. Tazama nani alitoa taarifa: mkwe huenda hakuwahi kuwaona wazee hao.

Mnasaba: Askari? Basi faili la pensheni ndilo lenye nyama. Usiishie kwenye kadi ya faharasa, agiza faili zima kutoka Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa, kwa hiyo humo mna viapo vya ndugu na majirani waliomjua tangu ujana. Rejimenti na kombania yake (vikosi alivyotumikia), vya kutaja unapoagiza faili, utavipata kwenye orodha ya maveterani ya 1890. Sensa ya kawaida ya mwaka huo karibu yote imepotea kufuatia moto wa 1921, ila orodha hiyo kwa Ohio ipo.

Karani: Kuhusu wale watatu: sensa ya 1850 inataja kila mtu huru kwa jina, lakini haisemi nani mtoto wa nani. Uhusiano uliingizwa 1880. Kijana wa miaka 12 anaweza kuwa mpwa au kibarua wa shamba. Mfuatilie kila mmoja 1860 na 1870; aliyebaki Pennsylvania hadi 1880 mfute. Umri usikubane, kupishana miaka miwili mitatu ni kawaida. Je, 1880 inasema wazazi wake walizaliwa wapi?

MamaNeema: Baba Ireland, mama Pennsylvania.

Karani: Rudi 1850, safu ya mahali pa kuzaliwa. Anza na nyumba ambayo baba ni wa Ireland.