Tupeane uzoefu: unachambuaje gemu za mabingwa wa chesi bila kubebwa na injini?

Kijiwe_Kirumba: Wakuu, wengi hapa Mwanza tumeingia kwenye chesi tukitokea drafti. Gemu za dunia tunazifuata kwenye simu, lakini kazi yetu ni kutazama mstari wa injini (programu inayopima nani yuko mbele) ukipanda na kushuka, basi. Mwenye utaratibu unaofanya kazi amwage hapa. Nani kamfunga nani wapi, tuache. Nataka hatua.

Askari_wa_Igoma: Injini zima kwanza. Shusha gemu kama faili la PGN (maandishi ya hatua zote za gemu). Ni dogo mno, hata bando la kuungaunga linatosha. Panga kete kwenye ubao wa kushika, kisha funika hatua zinazofuata kwa karatasi. Usikazane na zote. Chagua 4 au 5 tu: pale kete zinapobadilishana, au askari anapoachiwa apite. Kila moja ipe dakika 5, andika hatua yako NA jibu la mpinzani, ndipo ufunue. Asiyeandika hujidanganya kwamba "niliiona hiyo".

Tembo_wa_Nyegezi: Naongeza hapo kwenye kubadilishana, maana ndipo watu wa drafti tunapozama. Chukueni gemu ya 14 ya ubingwa wa dunia 2024, Ding Liren na Gukesh, Singapore. Ding ana weupe, yuko nyuma askari mmoja, lakini sare ipo. Kila upande una ngome na askofu. Hatua ya 55 anapeleka ngome f2 (safu ya f, mstari wa 2), anaomba ngome zibadilishane. Kwa haraka unaona ni sawa tu, kete zinapungua, joto linashuka.

Sasa tazama askofu wake: yuko a8, kwenye kona. Askofu wa kona ana mshazari mmoja tu. Ngome zikishaondoka, Gukesh anaweka askofu wake d5, kwenye mshazari uleule, na yule wa Ding hana pa kukimbilia. Maaskofu nao wanakwenda. Wanabaki wafalme na askari, 2 kwa 1, hiyo imekwisha. Hatua ya 58 Ding akasalimu amri, ubingwa ukaenda kwa kijana wa miaka 18 kwa 7.5 kwa 6.5.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, ondoa kichwani kete ZOTE zinazoweza kuondoka, siyo jozi moja, halafu hesabu askari waliobaki.

Saa_Sita: Angalieni na saa. Gemu zile za Ding na Gukesh zilianza saa 11 jioni Singapore, huku saa 6 mchana, muda wa ugali na sato. Hatua 40 za kwanza zilipewa saa 2 bila nyongeza. Sekunde 30 za kila hatua zilianza hatua ya 41. Boko la, tuseme, hatua ya 38 lisome pamoja na dakika zilizobaki, la sivyo unamlaumu mtu bure.

Farasi_Mweusi: Drafti kula ni lazima. Chesi hulazimiki, ila jicho letu bado linakimbilia kula. Panga macho hivi: cheki (kumshambulia mfalme) zote kwanza, hata za kijinga, ndipo kula, ndipo vitisho. Carlsen na Karjakin, ubingwa wa dunia New York 2016, gemu ya mwisho ya zile za haraka, hatua ya 50: Carlsen anaweka malkia h6, cheki, anatolewa bure. Mfalme akimla, ngome inashuka h8, meti (mfalme hana pa kutokea, gemu imekwisha). Askari wa g akimla, ngome ya pili inakula f7, meti. Anayeanza na kula hafiki kwenye hatua hiyo, kwa sababu inaonekana ni kutupa malkia.

Kijiwe_Kirumba: Na namba za injini? Nikiona +0.6 nasema weupe wameshinda.

Askari_wa_Igoma: Hapana mkuu. Tangu toleo la 15.1 la injini ya Stockfish, +1 maana yake weupe wana nusu ya nafasi ya kushinda, tena injini kwa injini. +0.6 bado inanuka sare. Halafu simu ipe muda. Sekunde 2 za kwanza injini inabadili mawazo kama upepo wa ziwani. Subiri kina (hatua inazotazama mbele) kipite 20, kisha cheza wewe hatua yako mbovu uone injini inavyoiadhibu. Hilo jibu ndilo la kuandika daftarini, namba achana nayo.