Nyumba ya Kisauni, bangili sita na wajukuu wa marehemu

Bibi wa Leicester:
Assalamu alaikum jamani. Nina miaka 71, hapa Uingereza tangu 1989, mjane. Mwenyezi Mungu alinipa watoto watatu; binti yangu ametangulia mbele ya haki, kaniachia wajukuu wawili, wa miaka 13 na 9. Nyumba ninayokaa imekwisha kulipwa. Kisauni, Mombasa, nina nyumba bila ardhi, kodi ya kiwanja twamlipa mwenye ardhi kila mwezi. Kijana wangu aniambia, “Mama, niandikie hii ya hapa sasa, wewe utaendelea kukaa tu, kodi ya mirathi tutaikwepa.” Moyo hautaki. Na wale mayatima nao wapate nini?

Ami wa Luton:
Waalaikum salaam Bi mkubwa, masalkheri.

Moyo wako una akili. Ukimwandikia nyumba na wewe umo ndani, hulipi kodi ya nyumba ya bei ya soko, HMRC, watoza kodi wa hapa, huihesabu bado ni yako, hata ikipita ile miaka 7 ambayo zawadi nyingine husamehewa. Na masheikh wetu wa Kishafi wasemaje? Hiba, yaani zawadi, haijatimia mpaka ikabidhiwe. Kwa hili makadhi na watoza kodi wamekubaliana, jambo la nadra! Tena kijana akiachana na mkewe au akifilisika, ni nyumba yako itakayotajwa mahakamani.

Ila kwanza hesabu kama kodi yenyewe yakuhusu. Pauni 325,000 za mwanzo hazilipiwi. Nyumba ya kukaa ikienda kwa watoto au wajukuu, yaongezeka 175,000. Na kama marehemu mzee alikuachia vyote, haki yake isiyotumika nayo hukufuata. Kinachozidi hapo ndicho cha asilimia 40. Wengi wetu tunaogopa kodi ambayo hatutalipa kamwe. Lakini Kisauni itie kwenye hesabu: tangu Aprili 2025, aliyekaa hapa miaka 10 kati ya 20 huhesabiwa mali yake ya dunia nzima.

Sasa mayatima. Hapa ndipo watu hukosea. Ukifa bila wasia, sheria ya England haiulizi dini: kwa mjane, mali hugawanywa sawa kwa watoto, na fungu la marehemu huwashukia wanawe. Ukinakili wasia wa Kiislamu wa mtandaoni, usemao “mali yangu igawanywe kwa faraidh”, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu, basi, wale wajukuu wametoka! Watoto wa binti aliyekufa hawarithi maadamu kijana wako yu hai. Mlango wao ni theluthi ya wasia, ile sehemu ya mali unayoruhusiwa kumwandikia asiye mrithi. Waandike humo kwa majina, baada ya madeni na mazishi, na kilichobaki kiende kwa warithi.

Mama Watatu, Reading:
Nami niongeze la mashahidi, lilinikuta. Wasia wa babangu ulishuhudiwa na watu wawili kama sheria inavyotaka, ila mmoja alikuwa mume wangu. Alikuwa jikoni anachemsha chai, tukamwita aje atie saini. Kwa sheria ya 1837 inayotumika mpaka leo, zawadi kwa shahidi au mwenzi wa shahidi hubatilika. Fungu langu likaenda kwa ndugu zangu. Walinirudishia, alhamdulillahi, lakini baada ya mwaka wa kununiana.

Bi mkubwa, mwite jirani na fundi bomba, mtu asiye na lake.

Pesa za mkononi: waweza kutoa pauni 3,000 kila mwaka bila kuzifikiria tena, na usipotoa mwaka huu waweza kuzitoa mwakani pamoja na za mwakani. Hawa wadogo baba yao awafungulie Junior ISA, akaunti ya akiba ya watoto isiyotozwa kodi, wewe uwe unatia. Ipo hata ya mifuko isiyo na riba. Jua tu kwamba akifika 18 pesa ni zake, akitaka gari ndogo ya mbio atanunua.

Na ya Kisauni, kusanya risiti za kodi ya kiwanja na karatasi ya makubaliano na mwenye ardhi, useme ziko wapi. Wewe huna hati ya ardhi ya kurithisha, hizo karatasi ndizo nyumba.

Bibi wa Leicester:
Mungu awalipe. Nimemwambia kijana hapana, kanuna siku mbili, ya tatu kaja kula biriani.

Wakili nitamwona Alhamisi. Lakini Jumamosi nilitoa kopo langu la biskuti, mna bangili sita za dhahabu ya mamangu, nimezifunga kwa vipande vya leso. Mbili nikampa yule mkubwa, mbili mdogo wake. Mdogo ni wa kiume, kazitazama, kazivaa mpaka kwenye kiwiko, kisha akaniuliza: “Bibi, na zile mbili zilizobaki ni za Mama?”

Nikamwambia ndiyo. Naona sasa hizo pia ni zao.